Jina la Tatu Kwenye Fomu ya Bima

Kila alipotoka shule, Karani alifungua kufuli, akaingia nyumbani na kusalimia, ingawa alijua hakuna wa kumwitikia. Alivua sare, akachota maji, akafagia vyumba viwili, kisha akakaa mezani na madaftari yake. Mama yake alifariki mwaka uliopita. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alirudi jioni akiwa hoi, akala, akauliza habari za shule na kusinzia kitini.

Jina la Karani alipewa na baba. Mwanga wa kuchomelea ulikuwa umemdhoofisha macho, na maandishi madogo yalimshinda. Kwa hiyo binti yake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyemsomea barua na kumwandikia maagizo ya wateja. Baba alipenda kusema kwamba kwenye karakana yake yeye ni bosi, yeye ni kibarua, yeye ni mfagiaji. Aliyeajiriwa ni Karani peke yake.

Siku moja baba alirudi na fomu ya bima ya afya. Alieleza kwamba wenye waajiri huandikishwa kazini, lakini waliojiajiri kama yeye hawana wa kuwaandikisha. Lazima waende wenyewe. Wakaanza kuijaza pamoja. Kabla hawajafika mwisho, mteja alibisha hodi, baba akatoka kuzungumza naye.

Karani akabaki na fomu. Mstari uliofuata uliuliza jina la mwenza. Alishika kalamu, asiandike. Kuchora kistari pale aliona ni kumfuta mama kwa mkono wake mwenyewe. Polepole akaandika jina la mama, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Wanafamilia: watatu. Akalitazama jina lile na kwa muda mfupi nyumba haikuwa tupu. Baba aliporudi, alitia sahihi pale alipoonyeshwa.

Wiki mbili baadaye ujumbe uliingia kwenye simu ya baba, naye akampa Karani asome. Ulisema maombi yamesimama mpaka kitambulisho cha mwenza kipelekwe.

"Wanasemaje?" baba aliuliza.

"Wanasema tusubiri."

Baba aliamini. Tangu siku hiyo Karani alikuwa na jambo asiloweza kumwambia mtu yeyote, na ukimya wa nyumba ukawa mzito maradufu. Rafiki yake wa dawati moja alipomuuliza mbona amepoa, alisingizia kuumwa kichwa. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake nyuma ya darasa.

Alasiri moja fundi baiskeli, jirani wa karakana, alimleta baba nyumbani akimwongoza kwa mkono. Baba alikuwa akikata bomba, chembe ya chuma ikaruka na kumwingia jicho la kushoto. Karani alimpeleka zahanati. Mganga alilisafisha jicho na kulifunga, akasema chembe imezama ndani. Lazima itolewe na daktari wa macho hospitali kubwa, tena upesi, la sivyo jicho litapotea. Baba alijibu kwa utulivu kwamba bima imeshaombwa. Muuguzi akatafuta kwenye kompyuta.

"Maombi yapo, mzee, lakini yamesimama tangu mwezi uliopita. Mlitumiwa ujumbe."

Baba aligeuza uso upande aliokaa binti yake. Walipotoka na kukaa kwenye benchi la nje, Karani alishindwa kuvumilia.

"Ni mimi, baba. Niliandika jina la mama. Na ule ujumbe nilikudanganya."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliona nikichora kistari, itakuwa kama hakuwahi kuwepo."

Baba akafuta jicho lililobaki wazi. "Juzi nilimwita mama yako anipe koleo," alisema. "Nikanyoosha na mkono kabisa."

Karani alimtazama. Muda wote ule alidhani ni yeye peke yake.

Asubuhi iliyofuata walikwenda ofisi ya bima. Kabla baba hajafungua kinywa, Karani alimweleza afisa, mama mmoja wa makamo, kosa lake lote. Afisa alimsikiliza, akampa fomu mpya na kumwonyesha kisanduku kilichoandikwa "mgane", yaani mwanamume aliyefiwa na mke. Kumbe fomu ilikuwa na nafasi ya watu kama wao. Karani alikitia alama. Afisa akawaambia kwamba tarehe ya maombi itabaki ile ya kwanza, hivyo hawatasubiri upya, na kabla ya adhuhuri kadi ikatoka. Wiki ile ile baba alitolewa chembe, na jicho likapona.

Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali, baba alimketisha Karani kando ya kitanda.

"Kumkumbuka mama yako si kosa," alisema. "Kosa ni kuandika lisilo kweli, kisha kunificha. Fomu ile ndiyo iliyotusemea siku ya shida, nayo ilisema uongo. Ukiandika, andika ukweli. Na hamu ya mama ikikushika, njoo uniambie mimi."

"Imenishika sasa hivi," Karani alisema.

Basi baba akaanza kumsimulia juu ya geti la kwanza alilotengeneza, lililokataa katakata kufunguka, na jinsi mama alivyocheka mpaka akakaa chini.