Ungo wa Tunu na Kiatu cha Farhani

Tunu alimwahidi mdogo wake jambo kubwa. "Kheri, siku ukitimiza miaka minne, nitakutengenezea gurudumu la zawadi."

"Litazunguka?" aliuliza Kheri.

"Litazunguka trrr! Litasimama ta!"

Basi Kheri akawatangazia watoto wa mtaa mzima.

Siku ikafika. Tunu akachukua ungo wa zamani. Baba akaupigilia msumari katikati, kwenye mlango wa banda la kuku. Hakuukaza, ili ungo uzunguke.

Tunu akachora kwa mkaa. Hapa kashata. Hapa karanga. Hapa puto. Na hapa jogoo. Ukimpata jogoo hupewi kitu, unawika tu!

Pembeni akachomeka vijiti. Juu ya ungo, kwenye mlango, akafunga unyoya mgumu, uguse vijiti vikipita. Picha itakayosimama chini ya unyoya ndiyo yako. Trrr!

Na zawadi kubwa? Papai! Tunu hakulichora. Alilifunga papai lenyewe kwenye ungo, kwa kamba, kila mtu alione.

Mara akaja Farhani, mtoto wa mjomba wao. Farhani alikuwa na miaka kumi na viatu vipya, soli nene hivi! Alivivua mlangoni mwa nyumba kama watu wote, ila yeye aligeuka kuvitazama tena.

Akauona ungo. Akasonya.

"Mfyuuu! Gurudumu gani hilo?"

"La Kheri," alisema Tunu.

"Huo ni ungo wa kupepetea mchele! Mimi nimeona gurudumu la kweli. Lina taa!"

Ameona! Kuona hata paka anaona. Farhani huyu hajawahi kutengeneza hata kishada cha gazeti.

Wageni wakaja. Sele akawa wa kwanza. Trrr... trr... tr... ta! Jogoo.

"Kokorikooo!" akawika Sele. Watoto wakacheka.

Akaja Siti. Trrr... trr... tr... ta! Jogoo.

"Kokorikooo!" akawika Siti. Watoto wakacheka kidogo.

Sele akarudia. Jogoo! Siti akarudia. Jogoo! Sasa hakucheka mtu. Ndani ya banda, jogoo wa kweli akakasirika. "KOKORIKOOO!" Nani hao wanawika nyumbani kwake?

"Mfyuuu! Gurudumu gani hilo?" alisema Farhani. "Twendeni tukacheze mpira!"

Siti akaanza kutafuta kandambili zake. Kheri akamvuta Tunu nguo. "Dada, wanaondoka?"

Tunu aliona aibu. Aliona na hasira, tena nyingi. Akauzungusha ungo peke yake, akautazama vizuri.

Papai likaenda chini. Akazungusha tena. Papai chini! Na papai likiwa chini, nani yuko juu? Jogoo.

"Papai ni zito!" alisema Tunu. "Linavuta upande wake!"

"Si uliondoe?" alisema Farhani.

"Siliondoi!" Tunu mkaidi, jamani. "Jogoo naye atapata uzito wake."

Akakimbilia viatu vya mlangoni. Akainua kandambili. Nyepesi. Akainua ndala ya Mama. Nyepesi.

Akainua kiatu cha Farhani. Lo! Kizito kama kichwa cha mwenyewe.

Tunu akakifunga juu ya picha ya jogoo, kwa kamba zake.

"Kiatu changu!" alilia Farhani.

"Tulia. Kiatu chako kinafanya kazi. Wewe umefanya kazi gani tangu asubuhi?"



Sele akazungusha. Trrr... trr... tr... ta! Kashata!

Siti akatupa kandambili zake, akazungusha. Trrr... trr... tr... ta! Puto!

Watoto wote wakarudi mbio. Hata Farhani akajipenyeza mbele. "Na mimi! Nataka papai!"

Sasa analitaka, unamsikia? Trrr... trr... tr... ta!

Kiatu chake mwenyewe kikasimama juu kabisa. Jogoo!

"Wika! Wika!" walipiga kelele watoto.

Farhani akatazama huku na huku. "Koko... riko..." akawika, kama kifaranga mwenye mafua. Hata jogoo wa bandani hakujisumbua kumjibu.

Mwisho akaja Kheri. Akafumba macho. Trrr... trr... tr...

Ta! Papai!

Kheri akalikumbatia papai lake, akakataa kuliachia mpaka Mama alipoleta kisu. Kila mtu akapata kipande. Farhani alikula vitatu. Hakusonya, maana mdomo ulijaa.

Usiku ulipoingia, watoto watatu wakalala mkeka mmoja. Taa ikazimwa.

"Tunu," alinong'ona Farhani. "Kesho tulizungushe tena gurudumu? Nitakupa na kiatu cha pili."

Tunu akajifunika shuka mpaka puani.

"Mfyuuu!" alisema. "Kiatu gani hicho?"

Kheri akacheka. Tunu akacheka. Na Farhani, mwenye viatu vyake, akacheka kuwashinda wote, mpaka usingizi ukawachukua.