Vidonge vya Mgongo

Kila siku akitoka shule, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Ufunguo alikuwa nao mama, na mama alikuwa kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Basi alipitia mlango wa nyuma wa kiwanda, akaketi karibu na lundo la foronya, akawa anakunja huku akiongea. Aliongea bila nukta wala mkato. Ndiyo maana wanawake wa pale walimpa jina hilo la ndege, na lile la kuzaliwa likabaki la mwalimu peke yake.

Mama yake na mwenzake, Mama Kicheko, walikuwa kwenye rola, mashine yenye mapipa mawili ya chuma cha moto yanayozunguka. Shuka liliingia bichi upande mmoja, likatoka kavu upande wa pili. Likiingia vibaya, Mama Kicheko aliita, "Kunjo." Mama alikanyaga kanyagio la kusimamisha mashine, akaitikia, "Haya." Hapo ndipo Mama Kicheko aliingiza vidole kunyoosha. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka, hata hawakutazamana tena.

Mama alianza vidonge alipoumia mgongo. Daktari alimwandikia vya muda mfupi. Vilipokwisha, akanunua vingine mwenyewe, leo duka hili la dawa, kesho lile, ili wauzaji wasimzoee. Asipovipata, mikono ilimtetemeka. Akivipata, macho yalilegea, ukamuuliza hili akajibu lile. Siku moja Chiriku alimkuta akivificha ndani ya soksi ya kazini. Mama alisema ni vidonge vya mgongo tu, tena hayo ni mambo ya ndani, yasitoke nje. Chiriku, ambaye hakuwahi kukaa na neno moyoni hata nusu saa, alikaa na hilo. Lilimnyima raha hata darasani.

Kiwandani nako watu walikuwa wameshaona. Mama akisinzia, mwenzake alimgusa bega. Akichelewa, mwingine alimfanyia sehemu yake. Msimamizi akiuliza, aliambiwa ni uchovu, maana mama wa watu analea mtoto peke yake. Msimamizi alitikisa kichwa kwa huruma, akaendelea na shughuli zake.

Mchana mmoja wa joto kali, Chiriku aliinama kuokota foronya iliyoanguka. Akasikia Mama Kicheko akiita kunjo, na mama akiitikia haya. Kutoka pale chini aliuona mguu wa mama yake. Haukusogea. Mdomo ulikuwa umejibu kwa mazoea, na mguu ulikuwa umelala. Mama Kicheko akaingiza vidole.

Ukelele ule ulimwingia Chiriku hadi kwenye mifupa. Fundi umeme wa kiwanda alikimbia kuzima swichi ya ukutani, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuungua hadi kifundo. Mama alibaki amesimama palepale, akirudia, "Haya, haya," kama anayebembeleza mtoto mchanga. Msimamizi alipouliza kilichotokea, Mama Kicheko mwenyewe, machozi yakimtiririka, alisema alijisahau.

Haukupita muda, nafasi yake ikapata mtu. Alikuwa msichana aliyemaliza shule juzijuzi, kucha bado zina rangi. Chiriku alipofika na mkoba wake mgongoni, alimkuta mama akimfundisha kazi. Macho ya mama yalikuwa yamelegea vilevile.

"Ukisikia nimesema haya, ingiza vidole," mama alimwambia. "Usiogope."

Chiriku hakukaa. Alitoka mbio hadi nyumbani kwa Mama Kicheko, nyuma ya kiwanda, akamkuta amelala, mkono umefungwa bandeji na kulazwa juu ya mto. Akamwaga yote kwa pumzi moja: soksi, vidonge, mguu ambao haukukanyaga. Mama Kicheko hakushangaa.

"Najua, mwanangu. Wote tunajua. Tulikuwa tunamsitiri mama yako. Akifukuzwa mtaishije?"

"Na yule dada mpya, yeye anajua?"

Mama Kicheko aliutazama mkono wake. Kisha akamwomba Chiriku amfungie kamba za viatu, kwa kuwa mwenyewe hakuweza.

Njiani Chiriku aliogopa mama atakosa kazi, na zaidi ya hapo aliogopa mama hatampenda tena. Hata hivyo alimfuata Mama Kicheko hadi kwa msimamizi, na yote yakasemwa. Rola ikazimwa. Mama alikana kila kitu, halafu akamgeukia mwanawe.

"Kumbe ni wewe uliyekuja kunianika?"

"Mguu wako haukusogea, mama," Chiriku alisema, akilia. "Niliuona."

Mama aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaketi juu ya lundo la mashuka machafu, akaficha uso.

Msimamizi aliwakasirikia wote, kisha akajikasirikia mwenyewe. Alikiri kwamba aliyaona yale macho, lakini mashuka yalikuwa yakitoka kwa wakati, naye akaona ya nini kujitafutia maneno. Aliamua kwamba mama asiguse mashine tena, apelekwe hospitali, na akifuata matibabu apewe kazi nyingine.

Matibabu hayakuwa mchezo. Mama alitapika, alitoka jasho, aliomba vidonge akilia. Chiriku alihamia kwa Mama Kicheko, na kila alipokwenda kumtazama, mama aligeukia ukutani. Siku moja aliporudi akilia, alimuuliza Mama Kicheko kama alikosea. Mama Kicheko alikuwa akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, maana vidole vya kulia havikukunjika tena.

"Sisi wakubwa ndio tuliokosea," alisema. "Kumsitiri mtu ni kutomtangaza mitaani. Ukimficha hata kwa anayeweza kumtibu, unamzika angali hai. Na mimi nilishika jembe."

Mama alitoka hospitali amekonda. Akapewa kazi ya kuchambua nguo chafu, mbali na rola. Jioni ya siku ya kwanza walirudi nyumbani pamoja. Walipofika mlangoni, mama aliutoa ufunguo, lakini hakufungua.

"Siku ile nilikuchukia," alisema. "Nataka ulijue hilo, kwa sababu ni kweli. Na ni kweli pia kwamba yule msichana ana vidole vyake vyote kwa sababu yako. Ukiniona tena nimelegea macho, usininyamazie. Nikikasirika, sema zaidi."

Chiriku aliinua uso, akayatazama vizuri macho ya mama yake.