Abiria wa Kona ya Osukuru

Tairi la nyuma la baiskeli ya Okia lilikuwa limebonyea kana kwamba amepakia gunia la mahindi, na Okia hakuwa amebeba hata chupa ya maji. Dada yake, Aanyu, aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyeliona kwanza. Akadhani ni pancha.

"Okia! Simama tukujaze upepo!"

"Si upepo, dada," Okia akajibu kwa shida. "Ni mabega. Kitu nalemea mabega yangu."

Aanyu akacheka. Naam, alicheka, na mimi simsingizii.

Walikuwa wanne, waendesha baiskeli za milimani kutoka mpakani mwa Uganda na Kenya: Aanyu kiongozi, Okia mdogo wake, Paddy fundi wa baiskeli wa Busia, na Sandra wa ng'ambo ya Kenya. Kila Jumamosi ya msimu wa vuli, mvua ikishalaza vumbi, walipanda vilima vya Osukuru. Sheria yao aliitunga Aanyu mwenyewe: hakuna kuweka mguu chini mpaka kileleni. Anayeshuka anachekwa wiki nzima.

Sasa asubuhi ile, chini ya kona ya machimbo ya mawe, mama mmoja aitwaye Akongo, muuza njugu anayetembeza magunia yake kwenye keria ya baiskeli nyeusi ya kizamani, aliwasimamisha.

"Shukeni, wanangu. Kona hii watu nasukuma kwa mguu. Na keria tupu nafunga jiwe, ili yule asipate kiti."

"Yule nani?" Sandra akauliza.

"Jini. Yeye natafuta wa kumbeba."

"Wee! Si tushuke tu, jameni?"

Aanyu hakuwa mgeni wa habari hizo. Marehemu baba yao alibeba abiria kwa baiskeli mpakani miaka mingi, na hakuwahi kuipita kona ile bila kushuka na kufunga jiwe. Okia naye alikumbuka, akainua mguu ashuke. Aanyu akamzomea mbele ya wenzake.

"Mwoga wewe! Baiskeli zetu hazina hata keria. Huyo jini atakaa wapi?"

Okia akaona haya, akakanyaga pedeli. Kumbe jini asipopata keria anakaa palepale alipokuwa amekaa sasa, mabegani kwa mtu.

Walipoimaliza kona, harufu ilikuja: harufu ya damu mbichi na chuma chenye kutu. Halafu Aanyu akasikia Okia akihema mara mbili kwa kila pumzi, moja yake, nyingine nzito, ya taratibu, ya mtu aliyetulia kabisa. Kicheko kikamkauka.

"Okia, shuka," akanong'ona. "Shuka, ndugu yangu. Nimekosa."

Okia akaanguka pamoja na baiskeli. Paddy akakimbia kumwinua, na kabla hajamgusa, Okia aliinuka mwenyewe, akaipokonya pampu ya chuma iliyokuwa mkononi mwa Paddy na kumpiga nayo mdomoni mpaka meno yakamwagika kifuani, akampiga tena alipopiga magoti, kisha akaitupa pampu na kuingiza vidole vyake mwenyewe katika spoku za gurudumu lililokuwa bado linazunguka, akiviangalia vikivunjika kimoja kimoja huku akitabasamu, na Sandra alipojaribu kumvuta alimng'ata mkono hadi mfupani, wala hakuuachia mpaka Aanyu alipomrukia mgongoni na wote watatu wakamlaza matopeni na kumfunga kwa tyubu za akiba.

Wakahema. Paddy alikuwa akilia na kutema damu. Ndipo sauti ya marehemu baba yao ikatoka kinywani mwa Okia, ile ile, na kikohozi chake cha tumbaku.

"Aanyu, mwanangu. Naumia. Legeza kidogo tu."

Mtu gani angekataa sauti ya baba yake? Akalegeza. Mkono ukachomoka, ukamkaba koo, kichwa kikampiga usoni na pua ikavunjika. Paddy ndiye aliyemnasua, huku naye amepofuka kwa damu.

Kelele zile zilimleta Akongo, akisukuma baiskeli yake. Alimtazama Okia akijitupatupa, akaanza kushusha magunia ya njugu chini.

"Nani alimkataza kushuka?"

"Mimi, mama," Aanyu akasema.

"Basi ni wewe wa kubeba." Akaipiga keria kofi. "Mwilini humo wamekuwa wawili, na hawaenei. Mmoja atahamia hapa. Muulize kama abiria yeyote. Atakayekaa, mpeleke pale anapotaka, hata kama hupapendi. Usigeuke nyuma, na usibishane naye. Umenisikia?"

"Nimesikia. Mdogo wangu atapona?"

"Ukimfikisha abiria, atapona."

Aanyu akaipanda ile baiskeli nyeusi. Akauliza kama alivyokuwa akiuliza baba yao: "Karibu, abiria. Unakwenda wapi?"

Nyuma yake kelele za Okia zilikatika. Keria ikadidimia. Mikono miwili ya baridi ikamzunguka kiunoni, ikamshika sana, na sauti ya Okia ikamnong'oneza mgongoni, ikitetemeka.

"Nyumbani, dada. Nipeleke kwa mama."

Nyumbani! Mama yao alikuwa peke yake Malaba, akimenya muhogo, hana habari. Aanyu akapandwa na hasira iliyofukuza hofu yote. Hunidanganyi mara mbili, akasema moyoni. Kwa mama yangu hufiki.

Hakuelekea barabarani. Akaelekeza gurudumu kwenye ukingo wa machimbo, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na nyuma yake sauti ikaanza kulia, "Dada, siyo huku! Dada, ni mimi, tafadhali, ni mimi!" na mikono ikazidi kumkumbatia, na yeye akazidi kukanyaga huku akipiga kelele za matusi asisikie, mpaka zikabaki hatua chache, akaifumbua ile mikono kidole kwa kidole, akajirusha pembeni kwenye miiba. Baiskeli ikaenda. Iligonga mwamba, ikagonga mwingine, na kilio kikashuka nayo mpaka chini.

Akarudi akichechemea, bega limeteguka, na moyo unataka kupasuka kwa furaha, maana Okia alikuwa ameketi wima, ametulia, Sandra anamfungua tyubu. Aanyu akamwangukia, akamkumbatia, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe."

Akongo hakusogea. "Abiria alisema anakwenda wapi?"

"Nyumbani, kwa mama. Lakini mimi nikamtupa machimboni!"

Akongo akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Jini nyumbani kwenu linapajuaje?"

Aanyu akaacha kulia. Okia alikuwa akimpapasa mgongo polepole, kwa vile vidole vilivyovunjika.

"Asante, dereva," akamwambia sikioni. "Yule mwenzangu alikuwa ananibana sana."