Meseji ya Mtoto Wetu

"Soma mwenyewe. Soma kwa sauti, leo masikio yangu ni mabovu."

Kaburu alimsukumia Kiende simu mpaka ikakaribia kumgusa pua. Simu yenyewe ilikuwa ya Kiende. Meseji iliingia saa mbili kasorobo asubuhi, mwenyewe akiwa nje anamwaga majivu ya jikoni, na mumewe akaifikia kwanza.

Kiende akasoma.

"Habari Kiende. Leo siku ya kumi na nne. Usisahau saa mbili. Mtoto wetu anakutegemea. Riungu."

"Rudia hapo kwa mtoto."

"Kaburu..."

"Nimesema rudia."

"Mtoto wetu anakutegemea."

"Eeh. Mtoto wenu. Wewe na Riungu. Mimi naendesha lori la mbao huko Embu mgongo unaisha, kumbe hapa Nkubu nalea mtoto wa watu."

Jamani, neno moja tu, "wetu", na nyumba ya miaka mitano ikaanza kutikisika. Riungu alikuwa mshauri wa kliniki ya hospitali, mzee wa miaka sitini anayewaita watoto wote wa kliniki yake watoto wetu. Aliandika kwa mafumbo kwa sababu Kiende mwenyewe alimsihi: asitaje dawa wala kliniki, maana bwanangu hushika simu yangu. Mzee wa watu akatii, na sasa utiifu wake ndio ulikuwa unamfukuzisha Kiende.

Wiki tatu nyuma, Kaburu akiwa Embu, binti yao Gatwiri alilazwa na homa ya mapafu. Ana miaka mitatu na mwili wa mtoto wa miwili. Madaktari wakampima, wakampima na mama yake, wakawakuta wote wawili na virusi vya ukimwi. Kiende alikataa kuamini. Akiwa na mimba alipimwa mara mbili na hakuwa na kitu. Lakini walirudia kipimo, na majibu hayakubadilika.

Gatwiri alipotoka hospitalini alianzishwa dawa, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, kila siku saa mbili asubuhi.

"Hii miezi ya kwanza ndiyo ya kushikilia," Riungu alimwambia. "Mwili wake umechoka. Na dawa ikirukwarukwa, virusi huizoea, halafu za kubadilishia watoto si nyingi. Sasa nipe jina la mtu wa nyumbani wa kukusaidia. Mtu mzima, anayejua."

"Nitakuletea," Kiende alijibu.

Hakupeleka jina. Alimwogopa Kaburu. Alijua ataulizwa ugonjwa ameutoa wapi, na jibu hana. Basi dawa zote, zake na za mtoto, akazificha kwenye mkebe wa unga wa uji, chini kabisa, chupa zikiwa zimeshindiliwa pamba zisipige kelele.

Na saa mbili ilikuwa inakaribia.

"Nitakueleza yote," Kiende akasema. "Niache kwanza nimpe mtoto uji."

"Uji atapikiwa na babake."

"Babake ni wewe. Muangalie."

"Usiniambie nimuangalie."

Na kweli hakumwangalia. Mtoto huyo alipewa jina la mama yake Kaburu, kama ilivyo desturi, na tangu siku ya kwanza Kaburu alikuwa akimwita Mama. Kila Jumamosi akifika kutoka Embu, kabla hata ya kuvua viatu, alikuwa akiuliza, "Mama yangu ako wapi?" Gatwiri angejificha nyuma ya mlango acheke mpaka apaliwe. Leo alikuwa amesimama palepale nyuma ya mlango, akingoja kutafutwa.

"Toa hiyo mtoto hapa," Kaburu akasema. "Mwende kwa Riungu, mkalee pamoja."

Akawasukuma wote wawili mpaka uani, Kiende na leso moja, mtoto bila viatu, naye akaziba mlango kwa mwili wake. Simu ikalia mkononi mwake. Ilikuwa kengele ya saa mbili.

"Na hii? Ndiyo saa yenu ya kuongea?"

"Kaburu, nipe tu mkebe wa unga. Ule wa buluu. Nguo baki nazo, kila kitu baki nacho."

"Mwanamke anafukuzwa kwa umalaya, anaomba unga."

"Nakuomba. Mkebe tu."

Kiende angeweza kulitamka jina la ugonjwa hapo hapo. Lilimfika mdomoni mara mbili. Lakini mama mkwe alikuwa ameshavuka ua wa shamba lake, anakuja na jembe begani, na neno hilo likishasemwa uani lingemfuata Gatwiri mpaka shuleni.

"Muga," mama mkwe akasalimu. "Ni kelele gani hizi asubuhi?"

"Muulize huyu," Kaburu akasema. "Ati Gatwiri ana baba mwingine."

"Nani amesema?"

"Simu imesema."

Mama mkwe akamtazama mjukuu, kisha mwanawe.

"Hiyo ni jina yangu umesimamisha nje na baridi, Kaburu. Hata viatu hana."

Hapo Kaburu akaona aibu, na aibu ikamzidishia hasira. Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa buluu, akaupindua.

"Chukua unga yako."

Unga ukamwagika wote. Mwishoni zikadondoka chupa mbili nyeupe. Moja ikabiringika mpaka mguuni pa mama mkwe.

Mama mkwe alianza kuinama. Kaburu akamwahi. Aliruka kabisa, akazizoa chupa zote mbili na kuzitia mfukoni, na mkono akauacha humo humo.

"Ni nini hizo?"

"Dawa ya minyoo, Mama. Ya mtoto. Rudi tu, nitakuja kukueleza."

Mama mkwe akaondoka akigunaguna. Kiende alibaki amesimama kwenye unga. Mwanamume aliyekuwa anamtafutia kosa tangu asubuhi amepata chupa zilizofichwa, na badala ya kuzionyesha, amezificha tena. Hakuzigeuza asome. Hakuuliza ni za nini.

"Ingia ndani," Kaburu akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

Wakaingia. Kaburu akaketi kwenye kochi, jasho linamtoka, na asubuhi ya Nkubu ilivyo baridi.

"Gatwiri pia?" akauliza.

"Sisi wote wawili. Riungu ni mshauri wa kliniki."

"Amepewa za kuyeyusha?"

"Eeh."

"Na wewe wamekuweka TLD?"

"Eeh," Kiende akajibu, na alikuwa tayari anageuka kutafuta kikombe cha mtoto, ndipo miguu ikasimama yenyewe.

TLD. Herufi hizo tatu hata yeye alikuwa hazijui mwezi uliopita. Sokoni watu husema zile dawa, au zile vitu. Kanisani hawasemi kabisa. TLD, jina la kidonge cha watu wazima, alifundishwa na muuguzi, mlango umefungwa, siku aliyokabidhiwa chupa yake ya kwanza.

"Kaburu."

"Mm."

"Hiyo TLD umeijulia wapi?"

Kaburu akainama kufunga kamba za viatu.

"Nimeuliza umeijulia wapi."

"Embu."

"Nani anakunywa huko Embu?"

Kaburu akazivuta kamba tena.

"Nitazame. Nani?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Kiende, hebu tulia kwanza..."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili na miezi."

Kiende alihesabu kwa vidole, polepole, mbele yake, na Kaburu akaviangalia vidole vile. Miaka miwili na miezi. Wakati huo Gatwiri alikuwa wa miezi saba hivi.

"Nilikuwa nanyonyesha," Kiende akasema.

"Najua."

"Ulikuja hapa Jumamosi, ukakaa kwa hiyo kochi, ukaniangalia nikinyonyesha. Na unajua."

"Niliogopa."

"Wangenipima. Wangempa mtoto ya kumkinga. Hukuambiwa?"

"Waliniambia." Kaburu alikuwa anazungumza na viatu vyake. "Waliniambia nikulete, nilete na mtoto. Mara tatu wameniuliza."

"Ukawaambia nini?"

Kaburu akapangusa vumbi la mbao kwenye kiatu.

"Uliwaambia nini, Kaburu?"

"Niliwaambia sina bibi. Wakaandika kwa faili. Sina bibi, sina mtoto."

Kiende hakulia, na mimi simlaumu, kwa sababu kuna maumivu yanayokausha macho. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda tangu ile siku alipompigia simu kutoka Chuka, lori limeharibika, akamwambia anaomba tu aongee naye mpaka fundi afike. Huruma ile yote ilikuwa bado imo kifuani mwake, na sasa alitamani aitoe aitupe.

"Kwa hivyo leo si mara ya kwanza," akasema. "Ulimkana Embu, na leo umemkana mbele ya nyanya yake."

"Nisamehe."

"Saa ni ngapi?"

"Nini?"

"Nimeuliza saa. Simu yangu unayo wewe."

"Saa mbili na dakika ishirini na tano."

"Toa hizo chupa."

Akazitoa, na simu pia akaiweka mezani. Kiende akamwekea mbele kikombe chenye maji safi na kijiko.

"Mpe."

"Sijawahi..."

"Jifunze. Vidonge vitatu. Koroga mpaka visionekane. Anywe yote, halafu utie maji kidogo umsuuzie kikombe anywe na hiyo."

Kaburu akahesabu vitatu. Kimoja kikamponyoka kikaanguka mezani, akakiokota. Gatwiri alikuja mwenyewe, miguu imejaa unga, akashika goti la baba yake.

"Koroga, Baba," akasema. "Mama hukoroga sana."

Kaburu alikoroga huku analia waziwazi, pua na macho.

"Kunywa, Mama," akamwambia. "Kunywa, mama yangu."

Gatwiri akanywa, akakunja uso, akakohoa kile kikohozi ambacho bado hakijamtoka, akanywa tena mpaka mwisho. Kiende alichukua simu yake mezani akaandika:

"Mzee Riungu, leo amechelewa karibu nusu saa. Amekunywa yote. Jina la mtu wa nyumbani ni Kaburu, babake. Sijui kama atafaa."

Jibu likaja haraka. "Sawa. Mtoto wetu ataendelea tu. Na wewe, uko sawa?"

Kiende akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Utaniacha?" Kaburu akauliza.

"Sijui. Leo nitalala kwa mama yako na mtoto. Wewe utamwambia kwa nini."

"Nimwambie yote?"

"Minyoo imeisha, Kaburu."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na kabla ya hiyo, pigia Embu."

"Sasa?"

"Sasa. Nikisikia. Weka sauti ya juu."

Kaburu alitoa simu yake. Namba ya kliniki alikuwa ameiweka kwa jina la Mwenye Mbao. Ikalia mara nne.

"Habari ya asubuhi," mwanamke akaitikia upande wa pili.

"Nzuri. Naitwa Kaburu, ni mgonjwa wenu. Nataka kurekebisha kitu kwa faili yangu."

"Ndiyo, rekebisha nini?"

"Mliandika sina bibi." Akainamisha uso. "Si nyinyi mlikosea. Nilidanganya. Niko na bibi. Na mtoto, msichana, miaka mitatu. Ameanza dawa, ako siku ya kumi na nne."

Mwanamke yule akaanza kutafuta faili. Pale Embu karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Asante kwa kusema," akajibu taratibu. "Tungependa wao nao waandikwe. Bibi yako anaitwa nani?"

Kaburu akainua uso, akamtazama Kiende amruhusu. Kiende alikuwa anampangusa mtoto unga miguuni kwa leso. Alipangusa mguu mmoja, akahamia wa pili, katikati ya vidole, bila haraka.

"Hello? Uko?" simu ikauliza. "Jina la bibi?"

Kiende akamwacha angoje.