Sauti Katika Sikio la Cucu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Mukami alimsaidia nyanya yake, Cucu Wanja, kuvaa vifaa vyake vya kusikia. Kisha Cucu alikamua mbuzi huku akiimba, maana yeye ndiye aliyewaanzishia akina mama nyimbo kanisani pale Kanja.

Jumatatu moja Cucu aliacha kukamua ghafla. "Nani anasema mbuzi wako kwenye maharagwe?"

Hapakuwa na mtu, na mbuzi walikuwa wamefungwa. Kesho yake sauti ilimwita kwa jina. Cucu alivitoa vile vifaa, akavifungia mkebeni. "Kanisani siendi tena. Anayesikia sauti za hewani atamwanzishia nani wimbo?"

Shuleni, Njiru, binamu yake Mukami, alipoambiwa habari hiyo, alikufa kwa kicheko. "Si ni mimi! Simu ya baba inashika vifaa vya Cucu kwa Bluetooth, wala haiombi ruhusa. Mimi hujificha tu nyuma ya zizi na kuongea."

Mukami alicheka, kisha akamshika mkono. "Wewe! Cucu anadhani amerukwa na akili. Leo utamwambia mwenyewe."

"Akinichapa?"

"Utachapwa. Twende."

Kwa kuwa Cucu hakuwa amevaa vifaa, Njiru alilazimika kukiri kwa kupaza sauti, mara tatu, hadi majirani wakachungulia uani.

Lakini Mukami hakutosheka. Njiru akiacha, je, mwingine akijaribu? Alimpigia simu Virginia, muuguzi wa masikio mjini Embu.

"Programu ya vifaa hivyo ilikuwa na kasoro," Virginia alisema. "Toleo jipya linaloiziba lilitoka zamani. Hamkuletewa ujumbe?"

Mukami aliinamisha kichwa. Ujumbe ulikuwa umekuja kwenye simu ya mama yake, na Mukami mwenyewe ndiye aliyebonyeza "baadaye" ili asimalize bando la intaneti.

Jumamosi Mukami na Njiru walipanda na Cucu hadi kituo cha kuuzia majani chai, mtandao unakoshika vizuri. Mukami alianza kupakua programu kwa simu ya mama; ilifika nusu, ikakatika. "Turudi nyumbani," Njiru akalia. "Haturudi," Mukami akajibu, akaanza upya. Ilipokamilika, Njiru alijaribu kuunganisha simu ya baba yake. Ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa kabisa.

Cucu alivaa vifaa vyake, akawatazama wote wawili. "Njiru, ukiona mlango wa mtu hauna komeo, mwambie mwenyewe, usiingie kumtisha. Nawe Mukami, ukiambiwa komeo limeharibika, litengeneze leo. Mmesikia?"

"Ndiyo, Cucu."

"Hata mimi nasikia. Kesho nitaimba."

Walipokaribia nyumbani, Njiru alipiga kelele: "Cucu, mbuzi wako kwenye maharagwe!"

Cucu alicheka tu, akaendelea kutembea pole pole. Ikabidi Njiru akimbie kuwafukuza peke yake, maana safari hii walikuwamo kweli.