Kiza cha Mchana

Kila akitoka skuli, Khairat huvua sare, hujifunga kanga, akawasha jiko la mkaa. Tangu mama yao afariki, chakula cha mchana hapo nyumbani Kikwajuni ni kazi yake, na mdogo wake Suhail humzunguka miguuni kama paka.

Siku moja Mwalimu Badria aliwataka wanafunzi waulize watu wa nyumbani maana mbalimbali za neno la Kiingereza "blackout".

"Umeme kukatika," alijibu baba yake, Ame, fundi seremala, macho yake kwenye randa. "Na uandike kwamba wakubwa hawalijui neno hilo. Wao wana majenereta."

Jirani yao, Bi Ummukulthum, alicheka barazani. "Ame nawe, hata mtoto akiuliza hesabu utawasema wakubwa. Zamani za vita, mwanangu, watu walizima taa ili ndege zisiwaone. Nnavyosikia mie."

Maana ya tatu Khairat aliijua, ila mkono ulikataa kuiandika: mtu kupoteza fahamu ghafla. Juzi masikio yalimvuma, macho yakaingia kiza, akajikuta sakafuni. Suhail alimwona, na Khairat akamwapisha asiseme. Mama yao aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Tangu hapo baba husema, "Kule wakubwa wametuwekea kuta tu; anayekwenda harudi."

Alirudi jikoni. Mafuta yalikuwa yanachemka karaini. Alipoinama kutia samaki, masikio yakaanza tena kuvuma. Alitaka kusema, "Suhail, toka hapo," lakini ulimi ulimgomea.

Ame alisikia kishindo. Alimkuta Khairat chini, karai limepinduka, mafuta ya moto yanatambaa kuelekea vidole vya Suhail, aliyeganda ukutani. Akamnyakua.

"Kaanguka tena," Suhail alilia.

"Tena?"

"Juzi pia. Kaniapisha nisikwambie."

Hospitali walipanga foleni ndefu, Ame akinung'unika. Daktari alimpima Khairat, akasema damu imempungua sana, lakini kwa dawa na chakula kizuri atapona.

"Kwa nini ulinificha?" Ame alimwuliza mwanawe.

"Niliogopa, baba. Wewe husema anayekuja huku harudi."



"Wakubwa nitawalaumu mpaka nife, wanastahiki," Ame alisema. "Lakini maradhi haya hawakuyaficha wao. Umeyaficha wewe, na hofu nimekutia mimi. Mwili ukikusemesha, mwanangu, nawe sema. Anayenyamaza hatibiwi, hata hospitali ingejengwa kwa dhahabu."