Kifaa Kilichohama Sikioni

Kila asubuhi, kabla ya shule, Chiriku alisaidia kufagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Siku moja mama alimwita, akamwita tena. Binti aliyepewa jina la ndege kwa kupenda soga aliendelea kufagia, kimya.

"We mtoto, umeziba masikio?"

"Nilikuwa nawaza tu, mama."

Uongo mwingine. Sikio lake la kushoto lilikuwa zito tangu utotoni. La kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji: kifupa kilicholiwa na usaha kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa kifaa kidogo kuliko punje ya mchele. Daktari alimkataza michezo ya mpira kwa muda. Chiriku akacheza kwa siri, mpira ukampiga sikioni, na tangu hapo sauti zilimfikia kama zinatoka chini ya maji. Angesemaje, na alikatazwa? Darasani alicheka wenzake walipocheka. Kila uongo ulidai mwingine, naye akawa kama panya mtegoni: akijitikisa, unabana zaidi.

Siku mwalimu alipomuuliza jibu la hesabu, akajibu, "Sijambo," darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimwita mama, wakaenda hospitali.

Chiriku alilazwa ndani ya pete kubwa ya mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, kichwa kimefungwa asitikisike. Hakuwa na pa kukimbilia.

Baadaye daktari aliizungusha picha kwenye kompyuta. Mifupa ya sikio ikaonekana kila upande.

"Kifaa kilipaswa kugusa hapa," alisema kwa sauti, akionyesha kwa kidole. "Kimeteleza. Alijigonga?"

"Hapana," mama alijibu upesi. "Huyu hajaanguka."

Chiriku alisoma midomo ya mama akimtetea. Machozi yakamtoka.

"Nilicheza mpira, mama. Mpira ukanipiga sikioni. Sisikii."

Mama alimkumbatia. "Kumbe nakufokea bure, mwanangu!"

Chiriku alipasuliwa tena, kifaa kikarudishwa mahali pake. Bandeji ilipotolewa, daktari aliketi kando ya kitanda.

"Picha ilinionyesha kifaa kimehama," alisema. "Haikunionyesha ulivyoteseka peke yako. Hilo ni wewe tu wa kulisema, na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na picha tu. Umenisikia?"

Chiriku alitabasamu. "Nimekusikia, daktari. Na kumbe una sauti nyembamba hivyo!"